Mita Mbili za Sharpstown

Badria wa Mombasa hakuiamini bili yake ya umeme: dola arobaini, Agosti ya Houston, na kiyoyozi kinavuma kutwa! Jirani yake hapo mtaani Sharpstown, Mama Florent, mkongwe kutoka Uvira aliyejipepea kwa kipande cha boksi, alidaiwa mia mbili.

“Wananiibia, mtoto wangu,” alilalamika.

Badria akaingiwa na shaka. Akazima swichi kuu ya kwake, akazunguka nyuma ya jengo penye mita. Yenye namba yake iliendelea kuhesabu. Ya Mama Florent ndiyo iliyosimama. Kumbe bibi wa watu ndiye aliyekuwa akimlipia baridi!

Akabisha hodi.

“Mama, mita zetu zimepishanishwa. Njoo kwangu upoe, tuwapigie simu watu wa umeme pamoja.”

Mama Florent alivaa ndala polepole, akimkazia macho.

“Na wewe umejua tangu siku gani?”