Zaituni hakumtukana afande, maneno niliandika mimi

Siamini hata sasa. Juzi tulimzika Zai, na leo nimeamka nikamtumia meseji, "umeamkaje?", kama kawaida. Nimekaa nikiisubiri ile tiki ya pili mpaka akili ikanirudia.

Malaria. Siku nne tu. Miaka ishirini na moja. Banange!

Kwa wasiomjua: Zaituni alikuwa VJ. Alikaa na maiki kwenye kibanda cha video karibu na kota tunazoishi sisi familia za polisi, akitafsiri filamu papo hapo. Ma-VJ wengi wa Kampala wanatumia Kiluganda. Zai alikuwa Mnubi, na wateja wake walikuwa polisi na Wakongo, kwa hiyo alitafsiri kwa Kiswahili na mabenchi yakajaa.

Mimi ni yule msichana wa benchi la nyuma. Mnaonifuata hapa mnajua huwa siposti chochote. Lakini pale mazishini nilisikia mtu nyuma yangu akisema, "Si ndiye yule aliyemtukana afande?"

Hapana. Naomba mnisikilize.

Zai alipata filamu moja ya zamani, nyeusi na nyeupe, kuhusu mpelelezi anayepokea bahasha ili faili lipotee. Kiingereza chake cha mbio, wanaume wote wanaongea na sigara mdomoni. Akaniambia, "Wewe msomi, niandikie script." Nikaandika wiki nzima nyuma ya daftari langu la Physics.

Tulibishana sana kuhusu ile filamu. Mimi nilisema uzuri wake ni kivuli. Bahasha haifunguliwi hata mara moja, unaona tu mkono unaingia kwenye koti.

"Kivuli ni umeme mbovu tu," Zai akasema. "Uzuri wake ni kwamba huyu mtu si shetani. Akirudi nyumbani anamletea mtoto wake mkate."

Hilo liliniuma. Sikumwambia kwa nini.

Kwenye ubaya wake tulikubaliana. Kuna karani mwanamke anayeona kila kitu tangu mwanzo, na filamu inampa sentensi tatu halafu inamsahau. Na ule mwisho! Mkubwa wa polisi anasimama anahutubia kwamba aliyeoza alikuwa mmoja tu, sasa mji ni safi, muziki juu. Zai alirusha kalamu. "Saa nzima na nusu ina ujasiri, halafu dakika ya mwisho inaogopa!"

Sasa, ma-VJ wana mtindo wa kuwapa wahusika majina ya watu wa mtaani ili watu wacheke. Zai alikuwa na sheria yake: mwenye jina anaulizwa kwanza.

Kwa mpelelezi niliandika jina la utani la baba yangu. Baba ni polisi. Jina lenyewe silitaji hapa.

Zai alilisoma, akaniangalia. "Umemuuliza mzee?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Uongo. Wiki mbili kabla, jirani yetu Mama Furaha, Mkongo anayeuza vitenge, aliibiwa mzigo wote. Aliyeiba alijulikana. Huyo mtu alikuja kwetu mchana, mlango nikamfungulia mimi, na bahasha niliiona kwa macho yangu. Baadaye nikamsikia baba akimwambia Mama Furaha pale uani, "Faili halionekani, mama."

Sikuweza kumwambia baba kwamba najua. Nikaweka kwenye script.

Ikafika Jumapili, saa tisa mchana. Baba benchi la pili, Mama Furaha karibu na mlango.

"Huyoo anapanda ngazi!" Zai kwenye maiki, akataja lile jina. "Afande wetu! Bahasha iko kotini. Mzee, jasho la nini na nje mvua?"

Kibanda kizima kikamgeukia baba. "Afande, umeanza lini kucheza sinema?" Hata baba alicheka.

Halafu Zai akasoma mstari uliofuata, kama nilivyouandika. "Faili halionekani, mama."

Mama Furaha aligeuka taratibu akamtazama baba. Kicheko kikakatika, benchi moja baada ya jingine.

Baba akasimama. "Nani amekupa maneno hayo?"

Zai alinitazama, sekunde moja tu. Mimi nilikuwa naangalia kandambili zangu.

"Mimi mwenyewe, afande," akasema. "Mdomo wangu hauna breki. Nisamehe, mzee wangu."

Mwenye kibanda alimnyang'anya maiki siku hiyo hiyo. Zai aliishia kuuza kava na chaja za simu mtaani Ntinda, yeye aliyeweza kulifanya benchi zima la polisi lilie. Nilipoenda kumwomba msamaha, alinikatiza. "Acha. Wewe unalala nyumba moja naye, mimi silali huko."

Miezi minane nilijificha nyuma ya maneno hayo.

Leo asubuhi baba alikuwa anapiga rangi viatu vya kazi. Nikamwambia jina niliandika mimi, na maneno pia. Nikamwambia bahasha niliiona.

Brashi ikasimama. "Mama Furaha anajua?"

"Bado."

"Na wewe utamwambia?"

"Ndiyo, baba."

Hakunipiga. Alivaa akatoka, kiatu kimoja kinang'aa, kingine vumbi tupu. Sijui akirudi itakuwaje, ndiyo maana naandika haraka.

Zai, nimechelewa, najua. Nilikuacha usimame peke yako mbele ya watu wote wale. Nikishaposti hii navuka ua kwenda kwa Mama Furaha. Bado sijui nianze na sentensi gani.

Lala, dada yangu, lala bila lawama ya mtu. Safari hii nasema kwa mdomo wangu.