Uzito wa Dume Uliokawia Hewani

Siku yangu ya kwanza kazini, mnadani Chamwino, ndama alinipiga teke nikaruka juu mpaka nikaiona Dodoma mjini yote. Nilipotua, Bwana Mnada akanikabidhi mizani ya ng'ombe. Kutoka kwenye mizani kwenda kwenye kompyuta kulikuwa na waya mnene kama mkia wa kenge. Kasi haukuwa nayo. Ukiupa picha ya harusi, bibi harusi anazaa kabla hajafika kwenye skrini! Ila uzito ni kitu kidogo, tarakimu tu. Ng'ombe akikanyaga, kompyuta imeshasema.

Baadaye nikahamishiwa Chemba. Huko akaja Meneja mpya, akaung'oa waya, akaleta blututhi, kidude cha kurusha uzito hewani.

"Hii ina kasi, mzee! Inabeba mara mia ya waya wako."

"Kubeba sawa, mkuu. Inaondoka saa ngapi?"

Maana kasi na kukawia ni vitu viwili, wajukuu. Lori linabeba kuliko baiskeli, lakini likizubaa stendi, baiskeli imeshafika.

Nikimkumbuka Mzee Saidi, mfugaji wa huko, hasira inanipanda mpaka kofia inacheza. Njaa ilishabisha hodi kwake, akaleta dume lake la mwisho auze kwa kilo, anunue mahindi ya kufikia mavuno. Dume gani! Akipita, kuku wanadhani jua limezama. Kabla ya dume alipimwa ndama. Dume akapanda, skrini ikatoa uzito wa ndama. Mnunuzi fasta akampaka rangi mgongoni, na mnadani ng'ombe akishapakwa rangi kauzwa, hata malaika hamrudishi.

"Mkuu, huo wa ndama!" nikapiga kelele. "Wa dume bado uko njiani!"

"Kompyuta haikosei. Ngoja nipande mwenyewe muone."

Dume akashuka, Meneja akapanda, mwembamba kama fito. Skrini ikatoa uzito wa dume.

"Hongera, mkuu," Mzee Saidi akamwambia. "Sasa wewe nani atakununua?"

Watu walicheka wakagaagaa. Mnunuzi naye alicheka, huku anapakia dume kwenye lori.

"Rangi ni rangi," akasema.

Meneja akaagiza waya urudishwe mnada ujao. Mnada ujao! Kwani watoto wa Mzee Saidi walikuwa wanasikia njaa mnada ujao?

Sasa nimestaafu, niko zangu Mkonze, natania kila mtu, nasalimiana mpaka na mbuzi. Meneja yule tukikutana sokoni ananiamkia, "Shikamoo, mzee." Marahaba yangu haipati.