Maji ya Mama Kwenye Mota ya Kiwanda

Biashara huria ilipoingia, kila mwenye mizani na turubai alijiita mnunuzi wa pamba. Bariadi ilijaa wanunuzi kuliko kunguru. Mimi nilikuwa nasomea shahada ya uzamili ya uhandisi umeme Dar es Salaam, nikarudi nyumbani kupima mota za kiwanda kipya cha kuchambua pamba. Tasnifu yangu yote ilikuwa hapo: kueleza kwa nini mota zinazidiwa na kuzimika. Nisipoeleza, hakuna shahada, na kijiji kizima kilishaanza kuniita injinia.

Nikatunga nadharia, we acha tu! Nikalaumu jenereta, nikalaumu nyaya, nikachora michoro ya kumtoa mtu machozi. Kumbe mota zilizidiwa kila ilipoingia pamba ya Mwamapalala. Kwetu.

Jumamosi mchana nikaenda kumsalimia mama. "Mwadila, mayu." Nikamkuta uani na ndoo, ananyunyizia pamba maji kama anabatiza mapacha.

Nikapiga kelele. "Mayu! Pamba yenye maji inakaba mashine! Unanimaliza!"

Wala hakugeuka. "Ng'wanawane, mizani yao inapunguza, ndoo yangu inaongeza. Tunakutana katikati. Na wewe umesomeshwa kwa maji haya haya, leo yana ubaya gani?"

Hasira zilinijaa, kisha nikacheka mpaka nikakaa chini. Jibu la tasnifu lilikuwa pale uani, linachuruzika. Tatizo, meneja wa kiwanda alikuwa anasubiri kuisoma, na akiisoma tu, pamba ya kijiji chetu ingerudishwa yote. Profesa naye aliitaka mwisho wa mwezi.

Nikamweleza mama. Akatua ndoo, akafikiri. "Andika," akasema. "Ukweli ni ukweli. Ila uandike tukishauza."

"Nitachelewa kuhitimu, mayu."

"Kwani shahada inaoza?"

Basi, wenzangu wakavaa majoho, mimi niko Mwamapalala nashika mdomo wa gunia, mama anashindilia. Wivu uliniuma, nisiseme uongo. Niliporudi chuoni muhula uliofuata, profesa akavua miwani, akanitazama juu mpaka chini. "Ulikuwa wapi, kijana?"

"Nilikuwa nasubiri pamba ikauke, mwalimu."