Kitufe cha Tatu

Kila nisikiapo kitufe kikizama kwa mlio mzito, tak, wananijia wote waliokuwepo uani kwetu Mikindani siku ile: mdogo wangu Hamisi, mwenye miaka tisa; Fatu, kitindamimba wetu, aliyekuwa bado ananyonya kidole; Baba Mdogo Issa; Mzee Chilumba wa Mpapura, aliyekuja kuchukua pikapu aliyoinunua kwetu; na mimi Somoe, miaka kumi na minne, niliyekwisha kuliaga darasa la saba. Baba na mama hawakuwepo. Walikuwa wametangulia mwaka ule ule, mmoja baada ya mwingine, ndiyo maana pikapu iliuzwa.

Ilikuwa kuukuu. Ukifungua mlango ulipokewa na harufu ya vumbi la moto, ya magunia ya korosho, na ya mafuta ya nazi ya nywele za mama, ambayo kiti chake kilikuwa kimeyanywa. Katikati ya dashibodi ilikuwemo redio iliyokuja na gari tangu kiwandani, yenye viduara viwili vya kuzungusha na vitufe vitano. Kitufe cha tatu kilikuwa kimefutika namba. Ukikibonyeza, mshale ulikimbia wenyewe hadi kwenye stesheni ya Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, alikozaliwa mama. Baba hakujua neno la Kireno. Lakini kila tulipokwenda Msimbati, kule sauti inakofika safi, aliendesha kama aliyebeba mayai. Tukilalamika alisema, "Mchanga huu hautaki papara."

Baba Mdogo alikuwa ameliuza gari na kila kilichomo. Kwamba liende nilikubali. Wadogo zangu walihitaji kula na kusoma. Redio sikuikubali. Mzee Chilumba alipokaribishwa kahawa barazani, nikaingia garini na spana na bisibisi za baba.

Hamisi akanishika mkono. "Dada, iwashe kwanza. Ukiitoa imezimwa itasahau."

Alikuwa ameiona redio ya jirani ikipoteza stesheni zote betri zilipotolewa. Nikamwamini. Basi nikaiwasha, nikaifungua huku ikiimba kwa mikwaruzo: nikavuta viduara, nikalegeza nati zilizojificha nyuma yake, kisha nikalala chali chini ya dashibodi kutafuta skrubu iliyoishikilia kwa nyuma. Vumbi la miaka likaniangukia machoni. Fatu alishika tochi, akimulika zaidi pua yangu kuliko skrubu. Redio ikatoka, yenye joto na nzito kama mtoto aliyelala. Nikaivuta kidogo zaidi. Nyaya zikachomoka, na wimbo ukakatika katikati ya neno.

Fatu akaanza kulia bila sauti. Hamisi alisema tu, "Nilikwambia."

Tulipoinua macho, wazee wawili walikuwa mlangoni mwa gari.

"We Somoe, umekuwa fundi lini?" Baba Mdogo aliuliza. "Hiyo si yenu tena. Irudishe."

"Imesahau," Hamisi akamjibu. "Hata ikirudishwa, mama hayumo."

Mzee Chilumba akauliza mama gani. Nikamweleza kwa aibu, nikimwonyesha kitufe. Mzee aliipakata redio, akachomeka nyaya, akabonyeza. Tak. Mwanamke akasikika kwa mbali akisoma habari kwa Kireno. Fatu akatoa kidole kinywani.

"Hizi za zamani hushika kwa chuma, mwanangu, si kwa umeme," mzee alisema. "Hii haisahau." Akachomoa tena, akafungua na spika ya mlangoni, akanipa vyote.

"Si ulisema mkeo ndiye aliyeitaka redio?" Baba Mdogo akamkumbusha.

"Mama Sofia ataimba mwenyewe njiani. Ana sauti mbaya, lakini nimeizoea." Kisha akanigeukia. "Wewe ukikua utaniletea nyingine, tuzibe tundu."

"Nitaleta," nikasema.

Siku ile nilidhani nimeokoa kitu cha mama. Hadi nilipoolewa ndipo nilipoelewa kwamba mchanga wa Msimbati haukuwa mbaya kiasi kile: baba alikuwa akisubiri nyimbo za kwao mama ziishe. Na kwamba Mzee Chilumba naye alikuwa na mke wa kumwendeshea polepole, lakini redio akatuachia sisi.

Wadogo zangu walisoma, wana kazi zao. Mzee hayupo tena, ila pikapu bado inabeba magunia Mpapura, na Mama Sofia hukaa mbele. Mtu akimuuliza redio iko wapi, hujibu, "Ipo. Iko kwa wenyewe." Nimempelekea mbili za kisasa, zote hazikuingia. Fundi alitaka kukata dashibodi, Mama Sofia akakataa. Tundu lile mumewe aliliacha likisubiri redio ya kulienea. Deni ni langu. Nimezunguka gereji zote za Mtwara nikiulizia ya viduara viwili na vitufe vitano. Inayoenea pale ninaijua moja tu. Kila Ijumaa naipangusa vumbi, kisha nairudisha juu ya kabati.