Ndani ya Pua ya Pikapu

Juzi nikitoka kununua viazi soko la Karatina, nilipita gereji moja nikaona pikapu ya mashindano ya porini imevunjika uso. Nilisimama kuona watafanya nini nayo. Vijana wawili wakafungua bolti, wakatoa pua yote kama mtu anayevua kofia, wakafunga nyingine mpya ya plastiki. Kabla viazi havijanichosha mkono walikuwa wamemaliza. Hakuna aliyepiga nyundo. Nilienda zangu, lakini masikio yalibaki yakiingoja.

Wewe unanijua, mimi si msomi, na huenda mengine nayakumbuka vibaya. Nitaandika yale nina hakika nayo.

Baba yangu alikuwa fundi wa bodi za magari, na gereji yake ilikuwa kando ya barabara ya kuingia Nyeri. Nyumba yetu ilikuwa nyuma yake, kwa hivyo hata githeri yetu ya mahindi na maharagwe ilikuwa na harufu ya rangi na petroli. Asubuhi nilifagia vumbi la msasa, nikachemsha chai, halafu nyundo ikaanza na haikunyamaza mpaka jioni. Mimi nilipewa jina la mama yake, kwa hivyo aliniita Maitu, yaani mama yangu. Hata akinikaripia ilibidi akaripie kwa adabu, na wateja walicheka: "Fundi leo anamgombeza mamake."

Mwaka niliomaliza darasa la nane nilipata nafasi katika shule ya bweni upande wa Embu. Barua ilisema mwisho wa kuripoti ni Alhamisi saa kumi, na asiyefika nafasi yake itapewa mwingine. Mwalimu wangu alijitolea kunipeleka. Kwetu hakuna msichana aliyekuwa amefika huko.

Jumamosi kabla ya hiyo Alhamisi ikaletwa pikapu ya mashindano ikivutwa kwa kamba, boneti imekunjamana, taa ya kushoto imeingia ndani.

"Ulisema uligonga ukuta wa udongo?" baba alimuuliza dereva.

"Ukuta ndio ulinijia, fundi. Mimi nilikuwa kwa njia yangu."

Ilitakiwa iwe tayari Ijumaa, siku ya kukaguliwa. Baba aliifunga mnyororo kwenye mti wa mukima akaivuta chasisi siku mbili mpaka ikanyooka. Likabaki bati la mbele. Sasa, pikapu za aina hiyo hujazwa mabomba ya chuma ndani ya pua ili zisipondeke, na mkono wa mtu mzima hauwezi kupita. Wangu ulipita. Radieta ilitolewa, mimi nikakaa mahali pake, magoti yakigusa kidevu, mabomba mbele ya uso. Nje niliona viatu tu.

Kazi yetu ilikuwa na sheria moja. Mimi naweka kipande cha chuma nyuma ya bonde, yaani pale bati limebonyea, nagonga bati mara mbili kwa spana, na yeye anapiga nyundo papo hapo kutoka nje. Bila chuma nyuma, nyundo inapasua bati. Hatukuonana. Baba aliamini mlio.

Alhamisi asubuhi lilibaki bonde moja, karibu na taa. Nilisikia mwalimu amefika.

"Baba yake, barua inasema saa kumi. Na Embu si hapa."

"Mwalimu, kaa kwa hiyo tairi unywe chai. Nikimaliza hapa nakupa msichana wako."

"Fundi, wacha mtoto aende," dereva akasema. "Nitakimbia na taa moja."

"Hiyo ya taa moja utawaambia wakaguzi."

Nikagonga mara mbili. Nyundo ikaja, na bati likapasuka mbele ya macho yangu, mwanga ukaingia. Chuma kilikuwa kwenye goti langu.

"Maitu, umeumia?"

"Hapana."

"Basi toka. Enda na mwalimu, hii nitajipanga nayo."

Nikasema, "Mguu umekwama."

Kwa haki, kiatu changu cha raba kilikuwa kimebanwa kati ya mabomba mawili. Hiyo ni kweli. Kwamba ningeacha kiatu na kutoa mguu, hiyo pia ni kweli.

Baba alidhani nyundo yake ndiyo iliyoyabananisha mabomba. Hakutaka kutumia moto asije akaniunguza, kwa hivyo alikata kwa msumeno wa mkono, polepole, akiniambia nisiogope. Niliona viatu vya mwalimu vikisogea, vikirudi, vikisimama. Baadaye vikaondoka. Bomba lilipokatika, saa tisa ilikuwa imepita.

Pikapu ilitoka Ijumaa na kiraka. Nafasi yangu ilipewa mwingine, na sina ubaya naye. Nilisoma shule ya kutwa ya karibu kwa mwaka mmoja na nusu, nikaacha.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini niligonga, na kwa nini sikuacha kile kiatu. Labda nilisahau tu, nilikuwa nasikiliza watu. Labda niliogopa bweni. Au labda niliona aibu kumwachia baba bati lililopasuka kwa ajili yangu. Kila nikichagua jibu moja, naona nimejionea huruma ama nimejionea vibaya kupita kiasi.

Siku hizi pale gereji panauzwa vigae. Mti wa mukima ulikatwa, na sijui fundi hata mmoja hapa anayenyoosha bati kwa kusikiliza. Mimi nimezeeka umbali wa dakika kumi kutoka pale. Watu wakiniuliza mbona sikusoma, nilizoea kusema ni kazi ya baba ilinishika, nao wakatikisa kichwa.

Baba amekufa. Kabla hajafa aliniomba msamaha kwa ule mguu, mara mbili. Na mara zote mbili nilimsamehe.