Rafu ya Chini ya Kabati la Mama

Sisi tuliokulia Kitaji, hapa Musoma, enzi zile Desemba tuliijua kwa harufu ya uji wa muhogo ambao haukuwa wa kunywa. Mama aliukoroga mzito kwenye kopo, akauacha upoe, ikawa ndiyo gundi ya kupambia kabati la vyombo. Kabati lenyewe lilikuwa la mninga. Mjomba wetu fundi alilichonga kule Manyamanyama, Bunda, likaletwa juu ya basi likiwa limefungwa kamba kama fahali mkorofi.

Wiki moja kabla ya Krismasi vyombo vyote vilitolewa nje. Kaka yangu Magesa alipaka milango rangi ya bluu iliyobaki kwenye mitumbwi ya baba mdogo. Mimi nilikuwa fundi wa karatasi. Nilikunja gazeti mara nne, nikalikata kwa mkasi, na nilipolikunjua lilikuwa na matundu na pembe pembe kama kitambaa cha kufuma. Tulibandua karatasi za mwaka uliopita, tukabandika mpya kwenye kila rafu, ncha zikining'inia mbele. Mchezo wa rede ulitungoja nje, samaki furu wa kukaanga walitungoja jikoni, nasi tuliwala kwa vidole vya bluu. "Nyie watoto mnakulaga rangi kama mbuzi wanavyokulaga nguo," Mama alikuwa akisema, lakini alitupakulia tena.

Nikiwa darasa la tano nilishika nafasi ya thelathini na tisa kati ya wanafunzi arobaini na mmoja. Wawili niliowashinda walikuwa wagonjwa siku ya mtihani. Ripoti ile niliikunja, na siku ya kupamba kabati nikaikunjua, nikaipaka uji wa muhogo, nikaibandika kwenye rafu ya chini kabisa, gazeti likaja juu yake. Mama nilimwambia mwalimu hajatoa ripoti. Mwalimu nilimwambia imeliwa na mbuzi.

"Ripoti za wenzako zinafikaga," Mama aliniambia siku moja. "Ya kwako inapitia Buhemba kuchimba dhahabu?" Hakuuliza tena.

Shule zilipofunguliwa, Mama aligeuza zamu za nyumbani. Kwenda ziwani kuosha masufuria asubuhi ilikuwa kazi yangu, ghafla ikawa ya Magesa. "Wewe kaa na daftari," aliniambia. Magesa alinuna muhula mzima, mimi nikadhani ni bahati tu. Na Desemba iliyofuata, nilipoinama kubandua karatasi za rafu ya chini, Mama alisema, "Hapo chini usibandue. Bandika juu yake tu." Nilimshukuru Mungu kwa kunifichia siri. Ikawa hivyo kila mwaka: rafu za juu tunabandua, ya chini tunabandika juu yake.

Nilikusudia kumwambia. Nilikusudia siku ya kipaimara, nikakusudia tena nilipofaulu kwenda sekondari, na hata siku ya harusi yangu aliponifunga kitenge kiunoni. Miaka mitatu iliyopita niliketi kitandani kwake hospitalini, nikafungua kinywa nimwambie, nikamuuliza kama anataka chai. Alifariki wiki hiyo. Uongo ule wa kitoto ulinilemea kuliko madhambi yangu ya ukubwani, maana yale nimeshayaungama.

Sasa katika nyumba hii ya Kitaji naishi peke yangu. Magesa yuko Bunda na maduka yake, binti yangu yuko Dar es Salaam na simu yake. Yeye ndiye aliyenitumia video ya kijana mmoja anayegeuza makabati ya zamani yawe mapya. Kijana anavaa glovu, miwani na barakoa, utadhani anakwenda kupasua mtu, kumbe anakwangua rangi. Nikacheka peke yangu, kisha nikanunua msasa na brashi.

Milango ilinichukua siku mbili. Siku ya tatu nililowanisha rafu ya chini kwa maji ya moto. Magazeti yaliachia moja baada ya jingine, kazi ya mkasi wangu ya kila umri, hadi nikaifikia ripoti. Wino ulikuwa umefifia ila ulisomeka. Pale chini, penye maoni ya mzazi, palikuwa na maandishi makubwa yaliyolala upande, mwandiko ambao Mama aliupatia kwenye darasa la watu wazima. "Nimeona. Atajitahidi." Na jina lake.

Niliita, "Mama!" Hakuna aliyeitika. Nilimpigia Magesa, hakupokea. Nikaipiga picha ripoti ikiwa palepale kabatini, nikamtumia yeye na binti yangu. Jioni Magesa alinirudishia kidole gumba. Binti yangu aliandika, "Mama, hiyo rangi mpya itapendeza sana."

Siku hizi matokeo ya mtoto hufika kwenye simu ya mzazi kabla mtoto hajavuka geti la shule. Hana pa kuyaficha, na akifika nyumbani anakuta ameshasemwa. Sisi tulikuwa na rafu ya chini, na mama aliyejua kunyamaza.

Jana nilikoroga uji wa muhogo. Nikairudisha ripoti mahali pake, nikakata gazeti, nikalibandika juu. Kisha nikasema kwa sauti, maana hakuna mwingine wa kusema, "Hapo chini usibandue."