Chaji Iliyobaki

Gari langu watu wa sokoni Rumonge walilipa jina la Simu, kwa kuwa kila jioni nililichomeka ukutani. Nililinunua likiwa limekwisha kutumiwa na wengine, esansi ilipoanza kukosekana na magari kulala foleni kwenye vituo. Lilikuwa dogo, la umeme, na betri yake ilikuwa imechoka. Likijaa usiku, lilinifikisha Bujumbura na kubakiza kidogo. Kurudi kulitaka kuchaji tena.

Joto la ziwani ndilo lililonifundisha kuliendesha. Sikuwa fundi. Nilisoma sekondari, nikafanya ukarani kwa mfanyabiashara wa mawese mpaka nikaacha kazi kwa uzee. Lakini kubana matumizi nilikupenda. Nililiegesha upande wa nyumba usiofikiwa na jua la mchana, nikatandaza makuti ya michikichi juu ya paa lake. Sikulichaji wakati wa jua, maana betri yenye joto ukiiongezea joto inachakaa upesi. Tairi nilizijaza upepo asubuhi, kabla barabara haijazipasha moto. Kwenye mteremko niliinua mguu mapema, gari likajirudishia umeme kidogo, na namba ya chaji ikipanda kwa moja nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu. Kiyoyozi sikukigusa. Abiria niliowapeleka Minago walisema naendesha kama niliyebeba mayai. Walifungua vioo, nikawaambia wafunge, upepo unalirudisha gari nyuma. Walicheka, wakafunga nusu.

Mke wangu alijua tabia hii nimeitoa wapi. Babu yangu alikuwa mpagazi enzi ya Wajerumani. Aliwabebea mizigo kwa miguu kwenye mwambao huuhuu, kutoka Rumonge hadi Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati ule. Mpaka uzeeni alijisifia jambo moja: wenzake walimaliza maji njiani, yeye alifika kibuyu chake bado kina maji. Nilikuwa nikiwahadithia wageni habari hiyo kwa fahari. Mke wangu alikuwa akinisubiri nimalize, kisha anauliza, huku akiwaongezea chai, kwani ziwa wakati huo lilikuwa limehamia wapi. Nilijibu kwamba askari hawakumruhusu mpagazi kuacha mstari akanywe. Wageni walikuwa wamekwisha kucheka.

Ilikuwa Septemba, kabla ya mvua. Miguu ya mke wangu ilikuwa imevimba na pumzi zake zilikuwa fupi. Munganga wa kliniki yetu alimpima, akasema ni moyo, akaandika karatasi ya kumpeleka Bujumbura. Gari lao la wagonjwa lilikuwepo uani, halina esansi. Nikasema langu limejaa, na kweli lilikuwa limejaa. Tuliondoka jua likiwa utosini, saa mbaya kuliko zote kwa betri. Niliogopa jambo moja tu: gari kunizimikia mahali pasipo na nyumba, naye akiwa ndani.

Yeye alikaa mbele. Mdogo wake alikaa nyuma, na kazi yake ilikuwa kumpepea kwa ncha ya khanga. Nilikwenda polepole, kwa mwendo uleule. Baada ya Minago mke wangu alisema niweke baridi kidogo. Nikamwambia tukipita Gitaza, kwa sababu kule barabara imeharibika na kuna kupanda, sijui patakula chaji kiasi gani. Alikubali kwa kichwa. Mdogo wake alilowesha kitambaa kwa maji ya chupa, akamwekea shingoni. Nilifungua kioo cha upande wake kwa upana wa viganja viwili. Hewa iliyoingia ilikuwa ya moto.

Tulipita Gitaza. Niliangalia namba, nikaona bado ni nzuri, na kwa kuwa ilikuwa nzuri nilitaka ibaki hivyo. Nikamwambia tungoje tupite Kabezi.

Alinigeuzia uso. Jasho lilikuwa limekusanyika juu ya mdomo wake.

"Mzee, bado unabeba maji ya babu yako?"

"Kidogo tu, mama. Tunakaribia."

"Ziwa liko hapa," alisema, na akaonyesha kwa kidole upande wangu, kushoto, ambako maji yalikuwa yametufuata tangu nyumbani. Alikuwa anatabasamu. Kisha akafumba macho na hakuomba tena kitu.

Tulifika hospitali chaji ikiwa imebaki thelathini na moja kwa mia. Nilifurahi. Siwezi kuandika habari hii nikaliacha hilo. Wakati wanamshusha, nilimwonyesha mdogo wake ile namba, nikamwambia, unaona, tumefika na bado ipo.

Aliishi siku mbili zaidi. Munganga wa pale alinieleza kwamba ule moyo ulikuwa umechoka kwa muda mrefu. Juu ya joto la njiani sikumwuliza. Nilikuwa na nafasi ya kuuliza, alisimama mbele yangu akingoja. Nikamshukuru, akaenda.

Gari lilikuwa limechajiwa usiku kucha nyumbani kwa mpwa wangu, huko huko Bujumbura, limejaa kama tulivyotoka nalo nyumbani. Ilibidi tumrudishe Rumonge azikwe siku hiyohiyo. Karatasi zilichelewa, tukatoka tena jua likiwa kali. Tulikilaza kiti cha mbele, tukamlaza juu yake amefunikwa, mdogo wake akakaa nyuma yangu. Niliwasha kiyoyozi mpaka mwisho kabla sijatoka getini. Hakuna aliyeniambia. Maiti haiwekwi kwenye joto, hilo kila mtu analijua.

Tulipita Kabezi, tukapita Gitaza, kwa mwendo uleule, maana sikujua kuendesha vingine. Mikono yangu ilipoa juu ya usukani. Mdogo wake alijifunika khanga mbili. Nilikuwa nasikia feni ya kiyoyozi, na nikifika kwenye mteremko mguu wangu uliinuka wenyewe.

Nyumbani wanaume walikuwa wamesimama wakitungoja. Walimchukua, wakamwingiza ndani kwa wanawake watakaomwosha. Mdogo wake hakushuka mara moja. Aliinama mbele, kichwa chake kikawa kati ya viti.

"Shemeji, imebaki ngapi?"

Sikutaka kumwambia, lakini namba ilikuwa wazi mbele yetu.

"Ishirini na nne."

Alihesabu kwa vidole, kutoka thelathini na moja kushuka.

"Saba," alisema. Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayehakikisha bei, kisha akafungua mlango, akaenda kumwosha dada yake.

Nilibaki garini. Baridi iliendelea kutoka, ikipiga kile kiti kilicholazwa. Kulikuwa na alama ya mkunjo wa shuka juu yake. Niliwaza kwamba nizime, sikuzima. Watu walipita mbele ya kioo wakinipa pole, nikaitikia. Mtu mmoja alikuja kuniambia kwamba wamemaliza, tunakwenda kumswalia. Nikanyoosha mkono nizime gari. Namba ilikuwa ishirini na tatu.